Randa ya Mzee Kadeghe na Sakafu Yenye Tuta

Hapo zamani, wala sisemi zamani ile ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzi ambayo wenyewe bado wapo na wakinisikia nikikosea watanisahihisha, palikuwa na nyumba moja Upareni, mlimani, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Nyumba ilikuwa nzuri. Kuta zilikuwa za mawe, bati lilikuwa jekundu, madirisha yalitazama bondeni. Nyumba ilikuwa nzuri, lakini sakafu ilikuwa mbaya.

Ilikuwa mbaya namna hii. Upande wa mlangoni palikuwa na bonde. Upande wa dirishani palikuwa na bonde. Na katikati, kutoka ukuta hadi ukuta, lilipita tuta kama tuta la viazi. Meza iliyumba popote ilipowekwa, na chini ya mguu wake mmoja kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa. Wenyeji walijua pa kuweka kikombe. Mgeni asiyejua alimwagiwa chai, na watoto wa nyumba ile walikua wakimsubiri mgeni kwa hamu kwa sababu hiyo tu.

Na cha kuchekesha ni kwamba mwenye nyumba alikuwa fundi seremala. Aliitwa Mzee Kadeghe, Mungu amrehemu. Milango ya kanisa ilikuwa kazi ya mkono wake. Vitanda vya maharusi vilikuwa kazi ya mkono wake. Mtu aliyewanyooshea wenzake kila kitu alirudi jioni kulala juu ya sakafu iliyopinda. Mbona basi ilipinda? Sikilizeni.

Mke wake, Bibi Nakijwa, alizaliwa kwenye kambi ya kiwanda cha kupasulia mbao, ambako baba yake alikuwa mshika msumeno. Nyumba zao kule zilikuwa za mbao juu mpaka chini. Alikua akilala na kuamka kwa sauti ya sakafu. Baba akiingia, sakafu ilisema ko, ko, ko. Mama akiingia, ilisema kwa upole zaidi. Akiwa kitandani, macho yamefumbwa, alijua nani yuko wapi, na akijua hivyo alilala. Alipoolewa na kuhamia nyumba ya udongo hakulalamika, ila usiku mmoja alimwambia mumewe kwamba katika nyumba hii watu wanatembea kama vivuli, hawasikiki. Mzee Kadeghe akajibu, "Nitakuwekea sakafu inayosema." Akapata mti wa mringaringa, akaupasua mbao, akazipanga darini na vijiti katikati ili hewa ipite, zikauke taratibu. Kisha akajenga nyumba ya mawe. Likabaki zege la kuzilazia.

Siku ya kumwaga zege aliita msaragambo. Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya wote: filimbi inapulizwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na chombo chake, hakuna anayelipwa, na kila mtu anakula. Walikuja watu wa kitongoji cha juu, alikokaa mwenyewe. Walikuja watu wa kitongoji cha chini. Na watu hawa, Mungu awasamehe, hawakuwahi kufanya jambo pamoja bila kushindana. Watu wa juu wakaanzia ukuta wa dirishani. Watu wa chini wakaanzia ukuta wa mlangoni. Watu wa juu wakafunga kamba yao ya kupimia. Watu wa chini wakafunga yao. Mzee Kadeghe akawaomba watumie kamba moja. Watu wa juu wakasema kamba ya watu wa chini imelegea. Watu wa chini wakasema kamba ya watu wa juu imefungwa na mwenye chongo. Wakaimba, wakamwaga. Wakaimba, wakamwaga. Kila upande ulikimbilia katikati ili ufike wa kwanza, na kwa kukimbilia huko walilisukuma zege mbele yao, likawa jembamba nyuma na nene mbele. Walipokutana, katikati yao palikuwa pamesimama tuta.

Hata hapo palikuwa na nafasi, maana zege lilikuwa bichi. Lakini Bibi Nakijwa alitokea mlangoni na mwiko wa jikoni mkononi, akasema makande yameiva na yanapoa. Makande yake yalikuwa na sifa mpaka bondeni, naye alizijua sifa hizo. Watu waliacha kila kitu. Wakala, wakaongezewa, wakabishana kamba ya nani ilikuwa sawa, na waliporudi zege lilikuwa limeshika.

Mzee Kadeghe peke yake hakwenda kula. Alipiga magoti kando ya tuta, akalikwangua kwa mwiko wake wa kazi, akalikwangua, akalikwangua, mpaka mwiko ukakataa. Alipoinuka, aliacha alama mbili za magoti kwenye zege, zikakauka hivyohivyo.

Mbao zikabaki darini. Kila mwaka alisema mwaka huu atalivunja tuta, na kila mwaka palikuwa na vitanda vya watu. Siku aliyougua ugonjwa wake wa mwisho, alimwita mkewe akamkabidhi randa yake ya kulainishia mbao. Ilikuwa randa ya mti mgumu, na ubavuni ilikuwa imelika mahali pa kidole gumba, kwa miaka ya kidole kimoja. Kila mtu mlimani aliijua. Aliyeishika ndiye angekuwa fundi wa nyumba ile, naye ndiye wateja wangemfuata. Mzee akasema, "Nakijwa, usimpe mkubwa kwa ukubwa wake, wala mpenzi kwa kupendwa kwake. Mpe atakayekupa sakafu yako."

Akafa. Bibi Nakijwa akaiviringisha randa kwenye kanga, akaiweka chini ya mto. Na tangu siku hiyo alipata mazoea ambayo hakumweleza mtu: jioni, kabla ya kulala, alipiga magoti ndani ya zile alama mbili. Magoti yake madogo yaliingia mle kama miguu ya mtoto ndani ya viatu vya baba yake. Hapo aliomba. Aliwaombea wanawe, aliiombea mvua, na mwisho aliungama kosa lilelile, kwamba siku ile angewaacha watu na njaa kidogo, lakini alitaka sifa ya makande.

Basi ikafika siku macho yake yakaanza kuona moshi mahali pasipo na moshi. Hospitalini wakamwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi. Wakampa dawa ya matone ya kuchelewesha. Alipotoka alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu. Auone mringaringa wa mumewe umelala chini, na rangi yake ile ya asali, kabla giza halijafika. Akawaita watu wake watatu.

Wa kwanza alikuwa Mbonea, mwanawe wa kwanza, seremala kama baba yake. Huyu alikuwa na mikono myepesi na hasira nyepesi, na katika maisha yake yote baba yake hakuwahi kumwambia kwamba kazi hii ni nzuri, alikuwa akisema tu, "Sawa." Mbonea aliitaka randa ile ili iseme lile ambalo baba hakulisema.

Wa pili alikuwa Navoneiwa, bintiye, aliyeolewa mjini Same. Huyu utotoni alimshikia baba kamba, akamfagilia vumbi la mbao, akaomba afundishwe randa, akaambiwa randa si kazi ya msichana. Hakusahau.

Wa tatu alikuwa Chedieli. Chedieli hakuwa mtoto wa damu. Alikuja kujifunza kazi, akakuta chakula na mahali pa kulala, hakuondoka tena. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na bado alimwita Bibi Nakijwa mama. Hakuwa na kiwanja wala ukoo pale mlimani. Alikuwa na karakana ya marehemu tu, na karakana ingemfuata mwenye randa.

Wakapanga iwe kabla ya Jumapili ya mavuno, ili mchungaji aje baada ya ibada aiombee nyumba. Mbonea akashusha mbao darini. Zilikuwa zimenyooka na zilinukia vizuri. Akaanza kuzitandaza chini bila gundi kwanza, aone zitakavyokaa. Majirani wakaja kutazama, akiwamo Mzee Kiure wa kitongoji cha chini, ambaye mpaka leo anasema kamba yao ndiyo iliyokuwa sawa.

Navoneiwa akaingia kutoka stendi, mkoba ungali begani. Akatazama. Akamuuliza kaka yake kama ameipima sakafu.

"Nimeipima kwa macho," Mbonea akasema.

"Kwa macho ya nani?"

Watu wakacheka. Navoneiwa akavua viatu, akakanyaga ncha ya ubao mmoja, na ncha ya pili ikainuka upande wa pili wa tuta ikampiga Mzee Kiure kwenye muundi. Mzee Kiure akasema watu wa juu wameanza tena. Mbonea akasema mbao zikipigwa gundi na kuzoea zitalala zenyewe. Navoneiwa hakubishana naye. Alichukua mkaa jikoni, akachukua rula ndefu ya baba yake, ule ubao mnyofu wa kupimia, akapiga magoti, akaiburuta rula ile sakafuni kutoka mlangoni hadi dirishani. Palipokuwa na mwanga chini ya rula, alichora duara. Rula ilipokwama na kuyumba, alichora mistari. Sakafu hii aliipiga deki tangu utoto. Alijua maji yanasimama wapi na yanakimbia kutoka wapi. Alipomaliza, sakafu nzima ilikuwa na michoro, na kila mtu aliona kwa mara ya kwanza ubaya aliokuwa akiukanyaga.

Bibi Nakijwa alikuwa amekaa mlangoni. Aliona michoro ile kama mtu anavyoona kupitia chandarua. Alijua wakiacha kulaza mbao walivunje tuta kwanza, itachukua muda. Na muda ndicho kitu ambacho hakuwa nacho. Moyoni mwake alitaka kusema, wekeni hivyohivyo, nione tu. Akamuuliza binti yake kama kweli haiwezekani.

"Mama," Navoneiwa akasema, "baba alikuahidi sakafu. Hakukuahidi pembea."

Bibi akasema mbao ziegemezwe ukutani na mchungaji apelekewe habari kwamba asubiri. Mbonea akaziacha palepale akatoka bila kuaga, kwa maana aliaibishwa mbele ya watu wa chini, tena na mdogo wake.

Lakini alirudi. Alirudi na tindo na nyundo, akafunga kitambaa puani, akapiga magoti kwenye mwanzo wa tuta. Mashine ya kusaga zege haikuweza kupandishwa mlimani, na taa za jua za nyumba ile zisingeweza kuiendesha. Kwa hiyo alilikata tuta kwa mkono. Alikata asubuhi, alikata mchana. Chedieli alitaka kumpokea, akakataa. Navoneiwa alitaka kumpokea, akakataa zaidi. Ngozi ya viganja ikatoka, akafunga matambara akaendelea. Alikuwa akipiga na kusema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayegombana na mtu aliyelala.

Katikati ya tuta tindo lilipiga chuma. Akachimbua, akatoa kijiko cha bati. Kilikuwa kijiko cha Bibi Nakijwa, kile chenye ua kwenye mpini, kilichopotea siku ya msaragambo. Mtu alikuwa ameonja nacho makande kabla hayajaiva, akakiangusha kwenye zege bichi. Na Bibi Nakijwa, nawaambieni ukweli wake kama alivyousema mwenyewe, miaka yote ile alikuwa akiamini kijiko kile kiliondoka na mke wa Mzee Kiure. Hakumwambia, lakini aliamini. Sasa alijifunga kanga, akashikwa mkono mpaka kitongoji cha chini, akamwomba msamaha mwanamke mwenzake. Mke wa Mzee Kiure akakigeuzageuza kile kijiko, akasema, "Kumbe ndiyo maana kila nikija kwako napewa sahani, kijiko nasahauliwa." Wakacheka mpaka wakalia, wakawakumbuka waliokula siku ile, wengi wao wakiwa sasa wamelala makaburini, watu wa juu na watu wa chini pamoja.

Tuta likaisha. Mbonea akasimama, mgongo haukunyooka siku mbili. Yakabaki mabonde, na ndani ya mabonde zikabaki alama mbili za magoti.

Kila mtu alijua kwamba mabonde lazima yajazwe, na kila mtu alijua ni nini kitajazwa pamoja nayo. Mbonea akasema mkono wake hauwezi. Navoneiwa akatoka nje akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Chedieli akafagia vumbi lote, akaosha, akasubiri, akapaka uji wa saruji ili jipya lishikamane na la zamani, akachekecha mchanga, akachanganya. Akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Safari hii kamba ilikuwa moja. Akajaza bonde la mlangoni, akajaza bonde la dirishani, akavuta rula juu yake mpaka pakawa kama uso wa maji kwenye beseni. Alipobakiza zile alama mbili, aliweka mwiko chini akaenda kumshika Bibi Nakijwa mkono.

"Mama, njoo upige magoti," akasema. "Mimi nitakuwa nje."

Kwa hiyo alijua. Bibi hakuuliza alijuaje. Alipiga magoti ndani ya magoti ya mumewe, akakaa hapo kitambo ambacho hakuna aliyekipima. Alipotoka alimwambia Chedieli, "Jaza." Na Chedieli akajaza.

Mbonea akataka mbao zirudi chini wiki ileile. Zege lilikuwa gumu, ungeweza kulichezea ngoma. Chedieli akakataa. Akasema juu limekauka, chini lina maji bado, na mringaringa ukilazwa juu ya maji utayanywa, utavimba, utajikunja kama mkate wa jana. Akachukua kipande cha nailoni, akakitandaza sakafuni, akakibana kingo zote kwa mawe, akakiacha kilale hapo. Asubuhi akakifunua. Kilikuwa kimetoa matone kwa chini, kama kifuniko cha sufuria.

Ndipo zikaanza zile asubuhi. Ulikuwa msimu wa ukungu, na ukungu wa kule haukaushi kitu. Kila asubuhi Bibi Nakijwa aliamka, akakaa kitandani, akauliza, "Chedieli, nailoni inasemaje?"

Na Chedieli akajibu, "Bado, mama. Inatoa jasho."

Asubuhi aliuliza, asubuhi alijibiwa. Kwanza Bibi akapoteza vilima vya ng'ambo. Nailoni inasemaje? Bado, mama. Kisha akapoteza dirisha, likabaki kama karatasi nyeupe ukutani. Nailoni inasemaje? Bado, mama. Kisha akapoteza maua ya kanga yake mwenyewe, akawa anayatafuta kwa vidole. Mbonea akamkamata Chedieli shati nyuma ya nyumba, akamwambia aweke mbao hata kesho, mama anazimika kama taa. Chedieli alilia, lakini hakuweka. Navoneiwa alipiga simu kutoka Same kila jioni, hakusema waweke wala wasiweke.

Asubuhi moja Chedieli akafunua nailoni. Ilikuwa kavu. Akapitisha kiganja, kikavu. Akapitisha shavu, kavu. Akakimbia chumbani na nailoni mkononi, akasema, "Mama, imekauka."

Bibi Nakijwa akageuza uso kuelekea sauti. "Umeamka mapema leo," akasema. "Mbona hukuwasha taa?"

Na jua lilikuwa limejaa chumbani, limemfika mapajani.

Kuweka mbao hakukuwa kazi ya mmoja. Navoneiwa akapanda kutoka Same, wakaziweka wote watatu, ubao kwa ubao, bila maneno mengi. Walipomaliza waliita mchungaji na majirani, wakamtoa Bibi Nakijwa kitandani, wakamfikisha mlangoni. Akavua kandambili. Akaweka mguu.

Sakafu ikasema ko.

Akasimama. Watu wote wakasimama naye. Akaweka mguu wa pili. Ko. Akatembea peke yake, mikono mbele kidogo, ko, ko, ko, na uso wake ulikuwa uso wa msichana aliye kitandani anayesikiliza nani anaingia. Alipofika katikati alipunguza mwendo, akainua mguu kuliruka tuta, kama alivyoliruka miaka yote ile, na mguu ukashuka ukakuta pako sawa. Akacheka. Akageuka kidogo kushoto, akapiga hatua, akapapasa kwa vidole vya miguu.

"Hapa," akasema.

Palikuwa hapo hasa. Akapiga magoti juu ya ubao, mchungaji akavua kofia, na hakuna aliyesikia alichokiomba. Alipomaliza akaomba aletewe kiti na ile randa. Akaipakata mapajani, bado imo ndani ya kanga, akasema neno la baba yao wanalijua, na kwamba kila mmoja aseme haki yake.

Navoneiwa akasema, "Mama, niliyeona ni mimi. Wote walikuwa wanatandaza mbao juu ya ubovu, wakisubiri kupigiwa makofi. Nilichora kila bonde na kila tuta, wao wakafuata mkaa wangu. Kama ningenyamaza, leo ungekuwa juu ya pembea."

Mbonea akasema, "Mkaa haukati zege. Dada alichora, akaenda zake Same. Tuta la vitongoji viwili nimelitoa mimi mmoja, kwa mikono hii, mama, ishike." Akampa mama yake viganja, naye akavishika, akasikia vilivyokuwa vigumu.

Chedieli akasema, "Kaka alitoa tuta, akaacha mashimo. Nilijaza mimi. Nilijaza hata pale ambapo ninyi wa damu mlikimbia. Na kila asubuhi nilimwambia mama bado, neno ambalo hapakuwa na mwingine wa kulisema. Kwa bado ile mbao zimelala."

"Na kwa bado ile mama hakuziona," Mbonea akasema.

Chedieli akatazama chini. "Ni kweli," akasema. "Mara nyingine najiuliza, pengine zingevumilia."

Navoneiwa akasema kwamba kama ni hivyo, na yeye yumo, kwa kuwa asingefungua mdomo siku ile mama angeziona Jumapili ya mavuno, zikiyumba, lakini angeziona. Mbonea akasema kwamba kama angeshika rula tangu baba alipofariki, badala ya kusubiri randa, tuta lingekatwa mama akiwa bado anatunga uzi kwenye sindano.

Bibi Nakijwa akasema, "Mlipokuwa mnadai mlikuwa watatu. Na kwenye kosa mko watatu. Basi nihesabuni na mimi, mwenye makande."

Mzee Kiure, ambaye ukimya ulimwasha, akapendekeza kwamba randa ifunguliwe: mti apewe mmoja, bapa la chuma apewe mmoja, kabari apewe mmoja, kila mtu aende na chake. Bibi Nakijwa akamuuliza kama na Mzee Kadeghe amfukue amgawe. Mzee Kiure akakaa.

Kisha Bibi akafungua kanga. Akainama kwenye kiti chake, akaiweka randa sakafuni, pale palipokuwa na magoti, akaondoa mkono. Zamani, kitu chochote ungekiweka pale kingeyumba. Randa haikuyumba. Ilikaa, na wote watatu walisikia ilivyokaa. Mama yao akabaki ameinama hivyo, mkono ukiwa hewani juu yake, macho yakitazama mahali pasipo na mtu. Alisikia pumzi tatu mbele yake. Alizijua zote, moja moja, kama alivyozijua nyayo za baba na mama yake kule kambini. Na neno la marehemu lilikuwa moja, wala halikuwa na nafasi ya watatu: mpe atakayekupa sakafu yako.

Hadithi nilipewa ikiwa imefika hapo, mkono ukiwa bado hewani, nami kuushusha peke yangu naogopa, maana nitakuja kuulizwa. Ninyi mliokaa na kusikiliza, msiniambie kwamba wote walifanya vizuri, hilo Bibi alilijua. Yuko mmoja aliyeuona ubovu akausema. Yuko mmoja aliyeuvunja kwa mikono yake. Yuko mmoja aliyejaza na kungoja, mpaka nuru ikaisha. Je, kati yao, ni nani aliyempa Bibi Nakijwa sakafu yake?